Maseremala wa Shizuoka na Roboti Zao

Katika mji wa Shizuoka, ulioko baina ya Tokyo na Nagoya kando ya ghuba ya Suruga, liko sanduku la posta ambalo mgeni asiyejua habari za mji huo hulitazama kwa mastaajabu, kwa sababu limezungukwa na kiunzi kikubwa mfano wa vile viunzi vidogo ambavyo vipande vya modeli za plastiki hutoka kiwandani vikiwa vimeshikamana navyo; lakini mwenyeji akipita hutumbukiza barua yake na kwenda zake, maana kwake yeye alama ile haina ugeni wowote. Zaidi ya sehemu nne katika kila tano za modeli za plastiki zinazoundwa Japani hutoka katika mkoa mmoja wa Shizuoka, na miongoni mwa modeli hizo hakuna zilizosafiri mbali, wala kupendwa na watu wa mataifa mengi, kuliko roboti ziitwazo Gunpla, jina lililofumwa kwa maneno mawili: Gundam, ambayo ni roboti ya hadithi, na plastiki, ambayo ndiyo mwili wake.

Nimepata kuulizwa mara nyingi na watu wenye shauku ya kuunda roboti hizi na kuzipaka rangi waanzie wapi, nami kila mara huona kwamba jawabu lililo bora limo katika historia yenyewe, kwa kuwa kila zana iliyo mkononi mwa mwanafunzi wa leo ilikuwa na sababu ya kuzaliwa, na kila kazi aliyosamehewa ilikuwa kazi ambayo waliomtangulia waliifanya kwa jasho.

Asili ya mambo haya ni mbao. Tokugawa Ieyasu, mtawala aliyeiweka Japani chini ya amri moja baada ya vita vya muda mrefu, alihamia mwaka 1607 katika ngome ya Sunpu, ambalo ndilo jina la kale la Shizuoka, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1616. Na mjukuu wake, Iemitsu, alipoamuru mwaka 1634 hekalu la Sengen lijengwe kwa fahari kubwa, waliitwa maseremala, wachonga nakshi na wapaka vanishi kutoka pande nyingi za nchi. Kazi ilipokwisha, kama yasimuliavyo mapokeo ya mji, wengi wao hawakurejea makwao. Misitu ya milimani ilikuwa karibu, mito ikiteremsha magogo mpaka uwandani, na hali ya hewa ilikuwa ya upole. Basi wakaoa, wakazaa, wakarithisha watoto wao patasi na randa zao, na baada ya vizazi kadhaa Shizuoka ikajulikana kwa samani, kwa vyombo vya vanishi na kwa wanasesere wa sikukuu. Msomaji asidhani kwamba nampeleka mbali bure. Mafundi hao ndio mababu wa roboti, na nadhani mtu asiyewajua hao hawezi kufahamu kwa nini roboti zilikuja kuzaliwa huko wala si penginepo.

Mwaka 1924 Aoshima Jiro, aliyekuwa amejifunza urubani, alianzisha mjini humo karakana ya mambo ya ndege, na baadaye akageukia ndege ndogo za mbao ziendeshwazo kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Mwaka 1946, taifa likiwa bado ni magofu baada ya vita kuu, Tamiya Yoshio alifungua biashara ya kupasua na kuuza mbao za ujenzi, na haukupita muda akaanza kutengeneza pembeni modeli za mbao za meli na magari. Mwaka 1951 moto uliteketeza mali yake, na baada ya msiba huo aliiegemea zaidi na zaidi kazi ya modeli, mpaka miaka miwili baadaye akaiacha kabisa biashara ya mbao za ujenzi. Modeli za siku zile hazikuwa kama za leo. Mnunuzi alifungua sanduku akakuta vipande vya mbao vilivyochongwa nusu, na karatasi ya mchoro, na iliyobaki ilikuwa kazi yake: achonge kwa kisu, asugue kwa msasa, azibe vinyweleo vya mbao, apake rangi, asugue tena, apake tena. Kwa hakika sanduku lile liliuza kazi kuliko lilivyouza kitu, na mtoto aliyeimaliza modeli moja alikuwa amekwisha kuwa seremala mdogo.

Plastiki ilikuja kutoka ng'ambo. Uingereza ilikuwa imeuza modeli za ndege za plastiki tangu mwaka 1936, na baada ya vita Marekani ikazifanya kuwa tijara kubwa. Mwaka 1958 kampuni ya Marusan ya Tokyo ikatoa nyambizi Nautilus, ambayo aghalabu huhesabiwa kuwa modeli ya kwanza ya plastiki iliyotengenezwa Japani. Hikima ya plastiki hiyo, iitwayo polistairini, ni kwamba huyeyushwa kwa moto, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa kwa muda mfupi, ikatoka imekwisha kuwa na umbo, na kalibu moja yaweza kuzaa maelfu kwa maelfu bila kuchoka. Taabu yake ni kwamba kalibu yenyewe ni ghali mno, hata mtu aweza kufilisika kwa kalibu moja iliyokosa wanunuzi. Tamiya walionja uchungu huo mwaka 1960, modeli yao ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato, iliposhindana sokoni na Yamato ya kampuni nyingine iliyokuwa na bei nafuu zaidi, wakalazimika kuishusha bei yao, na fedha za kalibu zisirudi.

Lakini wachongaji wa Shizuoka hawakuachwa bila kazi, na hapa ndipo penye johari ya habari hii. Kabla ya zama za kompyuta, ili kalibu ya chuma ipatikane, ilibidi kwanza mtu achonge kwa mkono kielelezo cha mbao kilicho kikubwa kuliko modeli yenyewe, kisha mashine yenye mkono mrefu ipapase kielelezo kile kila bonde na kila kilima chake, huku mkono wake wa pili ukikata chuma kwa umbo lile lile lililopunguzwa. Kila ukingo ulionyooka na kila shavu lililoviringana katika modeli ya plastiki lilikuwa limepitiwa kwanza na patasi ya fundi wa mbao. Kazi ya vizazi vingi ilihama kutoka katika bidhaa ikaingia katika kalibu, mahali ambapo mnunuzi hakuiona, ingawa alikuwa ameishika mkononi.

Mwaka 1969 kampuni ya Imai, iliyokuwa mashuhuri kwa modeli za mashujaa wa televisheni na vyombo vyao, ilishindwa kulipa madeni yake, na kiwanda chake cha Shimizu, bandari iliyo jirani ya Shizuoka na ambayo leo ni sehemu ya mji huo, kikanunuliwa pamoja na kalibu zake na Bandai, kampuni ya vitu vya kuchezea ya Tokyo. Hivyo ndivyo Bandai, waliokuwa wageni katika kazi hii, walivyopata kwa ununuzi mmoja mashine na mikono iliyokwisha kufundishwa.

Sasa ndipo yaja masimulizi ya Gundam. Filamu ya katuni yenye jina hilo, iliyoongozwa na Tomino Yoshiyuki, na mitambo yake ikabuniwa na Okawara Kunio, ilianza kuonyeshwa katika televisheni tarehe 7 Aprili 1979. Kabla yake roboti za katuni zilikuwa mashujaa, kila moja ikiwa peke yake duniani, aghalabu ikishinda kwa nguvu za ajabu. Lakini katika Gundam roboti ni silaha za vita, zinaundwa viwandani kwa mamia, zinaharibika, zinakosa risasi, zinatengenezwa, na vijana wanaoziendesha wanaogopa kufa. Watoto wadogo hawakuielewa. Vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa na kampuni iliyoifadhili havikuuzika ipasavyo, na hadithi iliyokusudiwa kuwa na sehemu 52 ikakatwa, ikamalizika katika sehemu ya 43, mwezi Januari 1980. Ila wanafunzi wa shule za sekondari na vyuo walikuwa wameitazama kwa makini mno, na walikuwa wakiulizana mahali pa kupata roboti zile, si kama kitu cha mtoto kuchezea, bali kama kitu chenye vipimo vya kweli.

Modeli ya kwanza ilitolewa na Bandai mwezi Julai 1980, ikauzwa kwa yeni 300. Gundam ya hadithi ina kimo cha mita 18, na modeli ile ilikuwa katika kipimo cha 1/144, ambacho ni nusu ya kile kipimo cha 1/72 kilichozoeleka katika modeli za ndege, basi kimo chake kilikuwa kama sentimita 12 na nusu, kiasi cha kukaa katika kiganja. Jambo hili la kipimo laweza kuonekana dogo kwa mtu asiyelitafakari. Kwangu mimi ndilo mapinduzi yenyewe. Modeli nyingi za roboti za zamani ziliundwa kwa kadiri ya ukubwa wa sanduku lao, ndogo na kubwa zikatoka sawa. Gundam na adui zake zilipoundwa kwa kipimo kimoja, iliyo ndefu katika hadithi ikawa ndefu mezani, na mtu aliyezipanga safu aliona jeshi. Na kwa kupewa kipimo, kitu ambacho hakikuwapo duniani kilipewa heshima ile ile iliyopewa ndege na manowari zilizokuwapo.

Ndani ya sanduku lile la yeni 300 mlikuwa na vipande vya plastiki nyeupe, kipakiti kidogo cha gundi na karatasi ya maelezo. Rangi hazikuwamo. Kifua cha Gundam ni buluu, tumbo lake jekundu, pembe zake za kipajini za manjano, na haya yote ilibidi mwenye modeli ayatie kwa brashi yake mwenyewe, kwa rangi alizozinunua mbali. Asiyepaka alibaki na mzuka mweupe. Kila mkono na kila mguu ulikuja katika nusu mbili, mithili ya maganda ya karanga, na zilipounganishwa kwa gundi uliachwa mfuo katikati, ambao ilipasa uzibwe, usuguliwe na kufichwa chini ya rangi. Viungo vilikuwa vichache na vigumu. Aliyeitaka roboti yake ipige goti, kama alivyoiona katika televisheni, alikata goti lile kwa msumeno akaliunda upya. Kwa maneno mengine, Gunpla ya kwanza ilikuwa karibu mno na zile modeli za mbao za baada ya vita: ilikuwa nusu ya kazi, na nusu ya pili ilikuwa ya mnunuzi.

Na wanunuzi wakaifanya nusu yao kwa namna ambayo kiwanda hakikuitazamia. Gazeti la mafundi wa modeli, Hobby Japan, lilichapisha mwaka 1981 kitabu cha How to Build Gundam, ambamo vijana stadi walionyesha roboti walizozipaka kama vifaru vya vita vilivyorejea kutoka mapiganoni, zenye kutu kingoni, moshi karibu na midomo ya bunduki, matope miguuni, na tarakimu za kikosi mabegani. Filamu tatu za sinema zilizofuata baina ya 1981 na 1982 ziliwasha moto juu ya moto. Watoto walipanga foleni alfajiri mbele ya maduka. Wako wauzaji waliomlazimisha mtoto anunue pamoja na Gundam moja bidhaa nyingine iliyododa, jambo ambalo lanichukiza hata leo nikilikumbuka. Na mwezi Januari 1982, katika duka kubwa la mkoa wa Chiba, watoto waliozikimbilia modeli hizo waliangukiana katika ngazi za umeme na kuumia. Mwaka 1983 ukatokea mfululizo wa modeli za roboti ambazo hazikupata kuonekana katika televisheni hata mara moja, zilizotungwa kwa michoro ya Okawara na kwa mawazo ya waandishi na mafundi wa modeli. Hadithi ndiyo iliyokuwa imezaa modeli. Sasa modeli ikaanza kuzaa hadithi, na sijui sanaa nyingine ya mikono iliyopata bahati kama hiyo kwa muda mfupi namna ile.

Yaliyofuata ni historia ya kupunguza mzigo. Viungo vikatiwa vikombe vya plastiki laini ambavyo havikwanguki upesi, na miaka ya 1980 ilipokuwa ikielekea ukingoni, vipande vikaanza kubanana vyenyewe kwa vijiti na matundu, gundi ikawa haina haja. Kiwandani zikaletwa mashine zenye uwezo wa kuingiza plastiki za rangi mbalimbali katika kalibu moja, na mwaka 1990, katika daraja iliyoitwa High Grade, mnunuzi aliona katika kiunzi kimoja vipande vyeupe, vya buluu, vyekundu na vya manjano, vimeshikana kama matunda ya namna nne katika tawi moja. Mwaka 1995 ikaja Master Grade ya kipimo cha 1/100, yenye mifupa ya mitambo chini ya ngozi yake. Mwaka 1998 Perfect Grade ya 1/60. Mwaka 2010 Real Grade, ambayo kwa ukubwa ule ule wa modeli ya yeni 300 ilikuwa na unyumbufu na mistari ya kushangaza. Na mwaka 2020 Entry Grade, ambayo hata koleo haihitajiki, vipande vyake vikivunjwa kwa vidole. Tangu mwaka 2006 kazi hii ina makao yake Shizuoka katika jengo la Bandai Hobby Center, ambamo wafanyakazi huvaa sare zilizoshonwa kwa mfano wa sare za askari wa hadithi. Na ile sanamu ya Gundam ya mita 18 kamili, iliyosimamishwa Tokyo mwaka 2009, ililetwa Shizuoka mwaka uliofuata, ikasimama karibu na stesheni ya reli, mbele ya wajukuu wa maseremala.

Wako wanaosema kwamba wepesi huu umeiua sanaa, kwamba mtu abananishaye vipande vilivyokwisha kutiwa rangi hana tofauti na mtoto afungaye vifungo vya shati. Siafikiani nao. Wepesi ulimwondolea mwanafunzi shuruti, haukumwondolea kazi. Aliyepaka rangi mwaka 1980 alipaka kwa kuwa hakuwa na hiari, na anayepaka leo anapaka kwa mapenzi, na mapenzi huvumilia mazoezi marefu kuliko shuruti. Ndiyo maana humshauri anayeanza anunue High Grade moja ya bei ndogo, aiunde kwanza bila rangi, akiitazama na kuijua, ndipo aifungue na kuanza safari upya.

Safari hiyo huanza na koleo ya kukatia. Kipande hakikatwi mara moja kwa kuegemeza koleo ubavuni mwake, maana plastiki hukunjika ndani yake na kuacha doa jeupe lisilofutika upesi; hukatwa kwanza mbali kidogo, kikiwa na mkia, kisha mkia ule hukatwa kwa utulivu, na kisiki kinachobaki husuguliwa kwa msasa wa nambari 400, halafu 600, halafu 800, mpaka kidole kikipita kisihisi kitu. Vipande huoshwa kwa sabuni ili mafuta ya mkononi na ya kalibu yatoke. Hupuliziwa rangi ya chini ya kijivu, ambayo kazi yake si kuishika rangi ya juu tu, bali ni kutoa ushahidi, kwa kuwa kila mkwaruzo uliofichwa na mng'ao wa plastiki huonekana waziwazi juu ya kijivu kile, na fundi mwadilifu hurudi kwenye msasa wake.

Kisha huja rangi yenyewe, na hapo ndipo wengi huanguka, nami nilianguka. Gundam yangu ya kwanza niliipaka rangi nzito moja kwa moja kutoka kichupani, usiku wa mvua, kwa pupa ya kutaka kuiona imekwisha, na asubuhi niliikuta ina matone na mikunjo na ukungu mweupe begani, kingo zake zote zimezibwa kama ukuta uliotupiwa chokaa. Baadaye nilisoma jinsi wapaka vanishi wa Shizuoka walivyotengeneza vyombo vyao, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kila moja likingojwa likauke na kusuguliwa kabla ya linalofuata, nikaona kwamba kosa langu lilikuwa limekwisha kutolewa dawa zamani sana. Rangi na ichanganywe na kiyeyusho mpaka iteleze kama maziwa. Tabaka la kwanza lisifunike, la pili lifunike nusu, la tatu limalize. Mistari iliyochongwa mwilini hutiwa wino mwembamba, unaokimbia wenyewe ndani ya mfereji wake ukiguswa kwa ncha ya brashi, na roboti iliyokuwa kitu cha plastiki hupata ghafla maungo na uzito. Mwisho hupakwa vanishi isiyong'aa, kwani mng'ao huyakumbusha macho kwamba kitu ni kidogo.

Sanaa hii sasa haina taifa moja. Wamarekani wengi waliijua walipoonyeshwa katuni ya Gundam Wing mwaka 2000, na tangu 2011 yamekuwapo mashindano ya dunia ambamo mafundi wa nchi mbalimbali huleta kazi zao zipimwe. Lakini vilivyobaki baada ya kila modeli kukamilika, yaani vile viunzi vitupu, vilikuwa vikitupwa, mpaka Bandai walipoanza mwaka 2021 kuweka masanduku madukani ili watu warejeshe viunzi vyao, virudi kuwa plastiki. Vyeupe, vyekundu, vya buluu na vya manjano vikitiwa pamoja motoni havitoi rangi yoyote kati ya hizo. Plastiki iliyorejeshwa hivyo ni nyeusi, na kwayo huundwa modeli mpya ambazo vipande vyake vyote ni vya rangi moja. Nimeiweka mojawapo mezani kwangu kando ya ile nyeupe ya kipimo cha 1/144, na brashi iko katikati yao.